Pinki Haiingii Kwenye Shada

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani kazi ya maua ni kazi safi. Nyapara wa kitalu, mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alitazama miguu yangu kwanza, kisha uso, halafu akanipa jembe. "Karibu, Mama Kimani," akasema. "Leo unachimba. Maua utayaona ukishajua yanakula nini." Nikachimba mitaro na kuijaza samadi hadi jioni. Viatu vile havikurudi kanisani tena.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kitalu chenyewe kilikuwa cha mtu binafsi, bondeni kando ya mto ukiteremka kutoka mtaa wa Shauri Moyo, na kilikuza mawaridi tu. Mimi nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, nakaa mtaa wa Jericho, na sikuwa na mapenzi yoyote na maua. Nilitaka kazi. Nawaambia mapema kwa sababu vijana wanaonitembelea hapa mtaani Tena hupenda kuniuliza, "Shosho, ulipenda maua tangu utotoni?" Hapana. Utotoni nilipenda chakula.

Nyapara alifundisha kwa kukaripia. Ukipogoa, yaani ukipunguza matawi, alisimama nyuma yako akihema. Ukikata mbali na jicho anaguna, ukikata karibu mno anaguna zaidi. Jicho ni kile kichipukizi kidogo kinacholala kati ya jani na tawi, na mtu wa mawaridi hulitazama zaidi ya anavyotazama ua. Unakata juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, ili tawi jipya liende nje lisijazane katikati. Mpaka leo nikipita penye mwaridi uliokatwa ovyo, vidole hunisisimka.

Kazi kubwa ya kitaluni ilikuwa kubebesha. Mwaridi wa maua ya kifahari mara nyingi huwa na mizizi minyonge. Kwa hiyo tulipanda kwanza mwaridi wa mwitu, ule wenye viua vidogo vyeupe visivyo na harufu ya maana, ambao mizizi yake haichagui udongo. Tuliuita shina mama. Kisha unachukua jicho la mwaridi unaoutaka, unapasua gome la shina mama kwa kisu kikali, unaliingiza jicho ndani ya ule mpasuko na kulifunga kwa uzi wa mkonge. Likishika, unakata mwitu wote ulio juu yake. Hapo unabaki na mti mmoja wenye mizizi ya mwitu na maua uliyoyachagua, na mahali viwili hivyo vilipoungana pana fundo nono linaloonekana maisha yote.

Lakini mwitu haukati tamaa. Hutoa machipukizi chini ya fundo, marefu, yenye afya, majani ya kupendeza kabisa, nayo hunyonya chakula chote mpaka lile jicho ulilobebesha linadumaa. Machipukizi hayo tuliyaita wezi. Nyapara alikuwa akimwona mwizi anamng'oa kabla hajasalimia mtu. "Usimhurumie kwa sababu ni mzuri," alizoea kusema. Mgeni katika kazi humhurumia, kila mara.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa duka letu la maua pale sokoni Jericho. Bosi wangu huko alikuwa Meneja wa duka, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, aliyeongea polepole kama anayeagiza chai hotelini. Yeye hakukaripia. Alikunyamazia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alinifundisha kuchagua: shika ua kwa vidole viwili chini ya petali na ubonyeze kidogo. Likiwa gumu kabisa, halijawa tayari na huenda lisifunguke. Likibonyea kama kitambaa, limechoka. Chukua la katikati. Kata kikonyo mshazari, ondoa majani yote yatakayozama majini kwa sababu yataoza, na uweke kwenye maji marefu kabla ya kumpa mtu yeyote.

Halafu maana. Nyekundu ni mapenzi. Nyeupe ni ya bibi harusi wa kanisani na pia ya msiba, kwa hiyo uliza kwanza. Manjano ni urafiki, ingawa wapo wanaosema ni wivu, basi usiwauzie wachumba. Pinki ni shukrani. "Mteja asipouliza maana, usimwambie," Meneja aliniambia. "Akiuliza, mwambie moja. Usimchanganye."

Vijana wa mtaani walikuwa hawaulizi. Alikuja mmoja Jumamosi moja, suruali pana chini, kitana kichwani. "Sasa mathe, nipe rosi moja kali ya dame yangu."

"Dame gani, yule wa juzi au mwingine?"

"Ah, mathe, punguza sauti. Yuko hapo nje."

Nikampa nyekundu, tena kubwa. Sijui ilimfikisha wapi.

Nyuma ya duka tulifunga mashada ya msiba: duara la waya, matawi ya msaiprasi, kisha mawaridi meupe, wakati mwingine mekundu kama marehemu alikuwa kijana. Na huko kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Pinki haiingii kwenye shada, hasa pinki yenye harufu. Nilimuuliza Meneja kwa nini. "Watu wamekuja kulia," akasema. "Hawakuja kunusa."

Sasa nifike kwa Bi Rukia. Kila asubuhi niliteremka kitaluni kuchukua maua ya dukani, na njia yangu ilipita Shauri Moyo, mbele ya nyumba mbili zilizotumia ukuta mmoja. Upande mmoja aliishi Bi Rukia, mjane wa Mzee Salim, fundi cherehani. Upande wa pili aliishi Mama Njeri, muuza viazi katika soko la Gikomba. Mlangoni kwa Bi Rukia, karibu na ule ukuta, palikuwa na mwaridi ambao Mzee Salim aliuleta kutoka Mombasa ukiwa kijiti ndani ya kopo la maziwa. Maua yake yalikuwa ya pinki, petali zimejazana kama kabichi, na harufu ilikufikia kabla hujageuka kona. Bi Rukia aliroweka petali akapata marashi, akayatia kwenye mrashi, kile chombo chenye shingo nyembamba cha kunyunyizia wageni. Mzee Salim alipokuwa mgonjwa alimwachia neno moja: niwepo nisiwepo, Mariam aolewe akiwa amepambwa kwa maua haya. Mariam ndiye binti yao wa pekee.

Posa ya Mariam ikaja, ikapokelewa, na ndoa ikapangwa baada ya Ramadhani ya mwaka uliofuata. Ni katika kipindi hicho siafu walipoingia kwa Mama Njeri wakampanda kitinda mimba wake kitandani. Mama Njeri hakungoja ushauri. Alichemsha sufuria kubwa ya maji, akafuata msururu wa siafu hadi kwenye shimo lao, akamwaga yote. Shimo lilikuwa chini ya mwaridi wa Bi Rukia.

Majani yalianza kunyauka siku hizo hizo. Bi Rukia alimkabili mwenzake bombani, mbele ya foleni nzima ya ndoo.

"Umemzika mume wangu mara ya pili."

"Na mtoto wangu angeliwa na siafu, ungekuja kunipa pole? Ua ni ua, Bi Rukia."

Baada ya hapo hawakusemezana. Ukuta ni mmoja, kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa na akikuna nazi, na hakuna salamu. Mariam na Njeri, ambao walikuwa marafiki tangu wakiwa watoto, wakawa wanasalimiana dukani kwangu kama watu wenye siri.

Bi Rukia alinisimamisha njiani. "Mama Kimani, wewe ni mtu wa maua. Niambie kweli. Mwaridi wangu uko hai au umekufa?"

Nikakwaruza gome kwa ukucha, kwanza chini, kisha juu. Chini palikuwa kahawia. Juu bado palikuwa kijani. "Mizizi imekufa," nikamwambia. "Matawi hayajapata habari."

Nikachukua macho yaliyokuwa yamebaki mazuri, nikayafunga kwenye kitambaa kibichi na kukimbia nayo bondeni. Nyapara aliyatazama kwa dharau yake ya kawaida, lakini akanipa mashina mama bila kuuliza maswali. Nilibebesha yote. Macho mengine yakawa meusi. Moja likashika. Lilipotoa tawi la urefu wa kidole nikalipeleka kwa Bi Rukia likiwa kwenye debe, nikaweka kidole chake mwenyewe juu ya fundo. "Chochote kitakachotoka chini ya hapa ni mwizi. Kata usimwonee huruma." Akaitikia. Mwaridi wa zamani ulikuwa umeshakatwa, matawi yake ya miiba yametupwa jaani pale kona.

Kisha duka likanunua gari, na kwa muda mrefu sikupita Shauri Moyo, maana maua yalikuja yenyewe. Baridi ya Julai ikaja ikapita. Niliporudi kumwona Bi Rukia alinipokea na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Akanishika mkono mpaka kwenye debe. "Tazama. Tazama alivyorefuka."

Nikatazama. Matawi yalikuwa yamempita kiuno, laini, majani madogo madogo yamejipanga. Nikapiga magoti, nikatafuta fundo. Juu yake palikuwa na kisiki kikavu kilichokatwa vizuri, kwa kisu. Chini yake ndiko kulikotoka utajiri wote ule.

Jamani, nilikasirika. Maneno yote ya Nyapara yalinijaa mdomoni. Kisha nikamwona uso, nikayameza. "Bi Rukia, huu ni mwitu."

"Na wa Salim?"

"Umeukata."

Alikishika kile kisiki kwa vidole viwili. "Kale katawi kalikuwa kamesimama tu, hakakui," akasema. "Baridi ikaja, kakawa kama kanakufa. Huu mwingine unapanda kila siku. Nilishamuuguza mtu anayekwisha polepole, Mama Kimani. Nilipouona huu nikasema, kumbe amepona." Akaingia ndani, akafunga mlango. Niliondoka nikijua hapakuwa na jicho lingine la kubebesha popote duniani.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, gari la duka liliharibika, nikarudia njia yangu ya miguu. Asubuhi moja nilipita upande wa nyuma kukwepa matope. Mama Njeri alikuwa ndani ya kijibustani chake, amejiinamia akichuma sukuma wiki. Alikuwa amezungushia sukuma ile uzio wa vijiti vya miiba kuzuia kuku. Kuku walikuwa nje wakimtazama kwa chuki. Nikacheka, nikataka kupita. Halafu nikaona kijiti kimoja, kile cha kona anapomwaga maji ya kuoshea mboga, kina majani.

Nilichutama nikayashika. Majani mapana, mazito, si yale ya mwitu. Juu kabisa palikuwa na tumba gumu la ua, na kwenye ncha yake pamechungulia pinki.

"Hivi vijiti ulivitoa wapi, Mama Njeri?"

"Jaani. Miiba ya bure, nani angeacha?"

"Miiba ya nani?"

Aligeuka akautazama ule ukuta, kisha kijiti, kisha akaketi juu ya ndoo yake na sukuma mapajani. Huyu alikuwa mwanamke anayebeba gunia la viazi peke yake. Sikuwahi kumwona ameketi mchana.

"Mwambie aje aung'oe auchukue," akasema.

"Ukiung'oa sasa utakufa. Una matumba na mizizi bado michanga. Na umesimama kwa mizizi yake wenyewe, haukubebeshwa kitu. Hauondoki hapa."

"Basi mwambie uko hapa."

"Mimi ni mtu wa kubebesha maua, si maneno. Mwambie wewe."

"Nikibisha hodi asifungue?"

"Utakuwa umesimama mlangoni na maua. Kuna aibu kubwa kuliko hiyo, na umeshaibeba mwaka mzima."

Alinikasirikia, niliona. Lakini tangu siku hiyo alianza kuuwekea mwaridi ule samadi ya kuku, na mimi nikampa mkasi wangu wa kupogolea na kumwonyesha jinsi ya kuacha matumba machache yanenepe. Ramadhani ikaanza, ikaisha. Bi Rukia hakujua lolote. Kwa ajili ya ndoa aliniagiza mawaridi ya dukani, akasema rangi yoyote, hata hakutaka kuyachagua.

Asubuhi ya ndoa niliyafikisha mapema. Nyumba ilijaa akina mama, udi unafuka, Mariam yuko chumbani mikono imepambwa hina. Mrashi ulikuwa mezani, mtupu, umesuguliwa unang'aa. Nilikuwa bado napanga maua yangu kwenye beseni wakati hodi ilipopigwa. Bi Rukia mwenyewe ndiye aliyefungua.

Mama Njeri alikuwa amesimama pale amevaa nguo zake za Jumapili, kitambaa cheupe kichwani, sinia mkononi limefunikwa kanga. Harufu iliingia kabla yake. Akina mama ndani wakageuza shingo mmoja mmoja.

"Hizi si zangu," Mama Njeri akasema. "Zimeota kwangu, lakini si zangu." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea, "Nisamehe kwa yale maji."

Bi Rukia alifunua kanga. Alichukua waridi moja akaliweka puani, akafumba macho. Alisema jina la mumewe, hilo tu, na machozi yakamtoka bila kujificha. Nami nililia, kwa nini niseme uongo. Halafu akafuta uso kwa mtandio wake na kumtazama jirani yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Viatu acha hapo," akasema. "Ingia. Anayesuka koja la Mariam amechelewa, na wewe una vidole."

Nusu ya mawaridi yale ikawa koja kichwani mwa bibi harusi, nusu ikachambuliwa petali zikarowekwa kwa ajili ya mrashi. Yangu ya dukani yalibaki kwenye beseni, hakuna aliyeyauliza, na sikuumia hata kidogo.

Mwaridi haukuhamishwa kamwe. Nilikataza, na niliendelea kukataza hata ulipokuwa na nguvu za kutosha, kwa sababu nilikuwa nimeona kinachotendeka. Kila asubuhi Bi Rukia alizunguka ukuta na kopo lake la maji, na kwa kuwa huwezi kuingia bustani ya mtu ukatoka kimya, alikunywa chai. Miaka ikaenda hivyo. Walibishana juu ya kupogoa, juu ya kuku, juu ya kila kitu, na ukipita njia ungedhani wanagombana.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, mimi nikiwa karibu kustaafu, Mama Njeri aliugua kifua, akafa. Bi Rukia alikuja dukani na kikapu. Ndani mlikuwa na kila waridi lililokuwa kwenye ule mti.

"Nataka shada," akasema. "Kwetu hatuna, sijui linafungwaje. Ninyi mnasema pinki maana yake nini?"

"Shukrani. Lakini Bi Rukia, hapa dukani pinki hatuweki kwenye shada."

"Kwani amefia dukani?"

Nikalifunga. Meneja, ambaye naye alikuwa amezeeka, alitokea nyuma akinusa kabla hajaona. Aliangalia shada, akaniangalia mimi. "La nani?"

"La jirani yake."

Nilingoja ule ukimya wake. Badala yake alifungua droo, akanipa utepe mweupe, ule wa gharama, akarudi kwenye kaunta.

Lilikuwa shada langu la mwisho, na hakuna aliyepanga liwe. Vijana, mkiniuliza leo mpeleke rangi gani, nitawaambia kama nilivyofundishwa: nyekundu mapenzi, nyeupe msiba, na kadhalika, chagueni lisilo gumu wala laini. Ni mafunzo mazuri na nimekula kwayo. Mwaridi nilionao hapa Tena ni mtoto wa ule wa Shauri Moyo, kijiti nilichokichomeka ardhini tu bila kubebesha, na nikimpa mtu maua yake huwa simwambii maana. Huwa namuuliza anampelekea nani.

Siku ya mazishi jeneza lilipitishwa mtaani kabla ya safari ya Kiambu. Njeri alisimama karibu nalo, macho makavu. Walisema hajalia tangu mama yake afe, hospitalini hakulia, matangani hakulia, na wanawake walikuwa wameanza kuogopa. Bi Rukia akapenya katikati ya watu, mtandio umemteleza begani, akaliweka shada juu ya jeneza kwa mikono yake. Njeri akainama kulisoma jina kwenye utepe. Akabaki ameinama.

"Hii ni harufu ya harusi ya Mariam," akasema. Kisha akalia, kwa sauti, na Bi Rukia akamshika.